Kura za Wachoma Vichwa

Jumatatu, 13 Oktoba 1997

Mvua tangu alfajiri. Leo tumekuta bikoni nne za simenti, zile alama za wapima ardhi, zimesimikwa uwanjani, moja katikati ya moto wangu. Si kando, ni katikati. Mtu aliondoa mafiga yangu, akachimba, akamwaga simenti, kisha akarudisha majivu juu yake kama anayezika paka.

Uwanja huu uko nyuma ya kichinjio cha Kiamaiko, hapa Nairobi. Hapa ndipo tunapochoma vichwa na miguu ya mbuzi, tunakwangua manyoya na kuwauzia wenye vibanda vya supu kutoka Huruma mpaka Dandora. Tuko wanawake arobaini na sita. Mimi nilianza mwaka wa themanini na nne na vichwa viwili ndani ya karai la kuazima. Hakuna aliyenishika mkono. Kwa hiyo mtu akija kumwaga simenti kwangu, nataka kumjua jina.

Waithera, ambaye moto wake uko ubavuni mwa wangu miaka kumi sasa, alisema tuzing'oe. Nikamwambia tuulize kwanza. Bikoni ukiing'oa inarudi na askari.

Jumanne, 14 Okt.

Mvua. Nimeuliza. Hakuna anayejua kitu, na kila asiyejua ananiambia niende kwa diwani.

Ijumaa, 17 Okt.

Nimekwenda kwa diwani. Ni Job Khaemba, wa chama cha Ngao, Mbukusu kama mimi. Kwao na kwetu ni mto tu unatenganisha. Mwaka wa tisini na mbili alituletea mabati ya kujikinga mvua, nasi tukamwimbia mpaka sauti zikatukauka. Hilo siwezi kumnyima.

Alinipokea vizuri. Aliagiza soda, akaniita mayi kama tunavyowaita kina mama nyumbani. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetangaza harusi, kwamba ule uwanja ni wa kanjo, yaani baraza la jiji, na kanjo imempa mwekezaji, na uchaguzi ukipita zitajengwa fleti za ghorofa tano. Sisi tutatafutiwa mahali Mowlem. Nikamuuliza Mowlem kuna mbuzi gani. Kichwa kinatoka kichinjioni kina damu ya moto. Ukikibeba mpaka Mowlem juani, ukifika umebeba nzi. Akacheka.

"Siasa ni subira, mayi," akasema. "Nirudisheni kwanza, halafu tutaongea."

Nimerudi nyumbani Kariobangi kwa miguu. Mtu anayetaka kunihamisha ananiomba nimpe nguvu za kunihamisha.

Jumatatu, 20 Okt.

Sikukuu ya Kenyatta. Mvua. Mume wangu Simiyu hakwenda kiwandani, akalala hadi saa nne. Nilipomweleza habari ya Job alikuna kichwa muda mrefu. Kwake mtu wetu ni mtu wetu. Anauliza nikishamwangusha Job nitakwenda kumlilia nani. Nikamwambia hilo sijui, ila kwa sasa ninamlilia Job huyohuyo na hasikii.

Jumapili, 26 Okt.

Barabara ya Garissa imekatika, malori ya mbuzi yamekwama kwenye matope. Vichwa kumi na vinane tu leo.

Jumatatu, 3 Novemba

Leo naandika kwa hasira, kesho nitasoma nione kama imepungua.

Hapa Kiamaiko kuna Umoja wa Wafanyabiashara wa Mbuzi. Ni mabroka, yaani madalali, na wenye malori: Waborana, Wasomali, Wagabra, na Wakikuyu wachache. Mwenyekiti wao ni Mzee Burale, ndevu zimepakwa hina, fimbo haimtoki mkononi. Sisi hatumo. Sheria yao inasema mwanachama ni mwenye mbuzi mzima. Mbuzi akishachinjwa si wa Umoja tena, ni wetu, na sisi ni wa nani haijaandikwa popote.

Kila mgombea anautaka huo Umoja. Ukitangaza uko na fulani, wenye vibanda, wapagazi na wachinjaji wote hufuata, au angalau hivyo ndivyo wagombea wanavyoamini. Leo nimemwona Burale akishuka kwenye gari la Job. Ni mara ya tatu. Waithera naye amemwona. Basi ameshatuuza, nikasema. Anakula huko, sisi tunachimbiwa simenti huku.

Jumatatu, 10 Nov.

Bunge limevunjwa. Redioni ni kura, kura. Kuni zimelowa zote.

Alhamisi, 13 Nov.

Mpinzani wa Job amekuja uwanjani. Anaitwa Bedan Mureithi, anauza nafaka pale sokoni Kariobangi na anasimama kwa chama cha Kibuyu. Viatu vyake vilikuwa vya kazi, hilo nililiona kwanza. Alikanyaga matope bila kutafuta jiwe la kusimamia.

Swali lake la kwanza, kabla hata ya kutuuliza hali, lilikuwa: "Mko wangapi?" Burale alikuwa amesimama karibu. Akamjibu bila kupepesa macho kuwa Kiamaiko ni kura mia sita. Nusura kichwa nilichoshika kinidondoke motoni. Mia sita? Anawahesabu na mbuzi?

Bedan ameahidi uwanja hautajengwa. Wote huahidi. Lakini huyu alitaja ploti kwa nambari yake, kwa hiyo alikuwa amekwenda kuulizia. Nimemwekea alama moja.

Alhamisi, 20 Nov.

Nina mambo mengi ya kuandika.

Batulo ndiye aliyeyaanzisha. Ni mama wa Kiborana kutoka Isiolo, anauza maziwa na chai langoni, na mumewe alikuwa broka hapa hadi alipofariki. Nilikuwa nikimlaumu Burale mbele yake, akaweka birika chini. Akasema mimi namwona yule mzee kwa macho ya hasira tu, na kama nina swali nimuulize mwenyewe. Akanishika mkono, tukavuka zizi la mbuzi la mabroka mpaka alipokaa mzee juu ya gunia la chumvi.

Nilimuuliza wazi. Mzee Burale, umeuza uwanja wetu kwa shilingi ngapi? Mabroka wawili waliokuwa karibu wakageuza shingo.

Hakukasirika. Alinitazama, akatazama zizi, kisha akasema polepole: "Mama, wakimaliza kwenu wanakuja kwetu. Hili zizi liko kwenye ramani hiyohiyo. Nimepanda gari la yule kijana mara tatu ili nisikie hilo neno moja, na mara ya tatu amelisema."

Sikuwa nimejiandaa kwa jibu la aina hiyo.

Akaendelea kwamba Umoja utachagua Jumamosi nani wa kuungwa mkono. Nikamwambia sisi arobaini na sita tutachagua pia, kwa sababu moto ni wetu. Mabroka wakacheka kidogo. Mmoja akauliza tangu lini kichwa kikaongea baada ya kuchinjwa. Nikamwambia aje asubuhi niwashe moto ataona vinavyotoa meno. Hata Burale alitabasamu.

Lakini kulikuwa na shida ya kweli. Umoja haupigi kura kwa kuinua mikono. Huamua kama wanavyouza. Broka akimuuzia mtu mbuzi, wawili hao huingiza mikono chini ya shuka na kuongea kwa vidole: kidole hiki ni mia hii, kushika vitatu ni bei ile, na anayesimama kando haambulii kitu. Nimeiona miaka kumi na tatu na bado sijui bei ya mbuzi hata mmoja. Siku ya uamuzi mwenyekiti hukaa na shuka, na kila mwanachama huja kumpa mkono. Na Burale hashiki mkono wa mwanamke asiye wake. Ni dini yake, siwezi kumlaumu.

Batulo akasema, kana kwamba anatoa bei ya maziwa: "Mkono wangu upo."

Jumamosi, 22 Nov.

Kabla ya mkutano, vijana wa Ngao walikuja na pikapu la fulana. Wakawapanga wanawake wetu, wakawaimbisha. Nilisimama pembeni nikiwatazama wakirukaruka kwenye matope, fulana za kijani juu ya leso, wakipiga kelele Job, Job. Khalayi, ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kushika chuma cha moto, ndiye alikuwa mbele. Waithera pekee hakuimba, wakamtania kuwa anasubiri Bedan, Mkikuyu mwenzake wa githeri, aje na gunia. Aliendelea kukwangua kichwa cha mbuzi.

Niliwatukana moyoni, siandiki nilivyowaita.

Saa nane mvua ikakatika. Wanaume wakaingia kwa Burale mmojammoja upande wa zizi. Upande wetu Batulo alikaa juu ya debe na shuka lake jekundu magotini, na Burale akatufafanulia kwa sauti ili wote wasikie: kidole kimoja ni Job, viwili ni Bedan, ngumi ni hapana wote. Tukapanga foleni. Zamu yangu ilipofika niliingiza mkono chini ya shuka nikampa Batulo vidole viwili. Mkono wake ulikuwa na joto na hakunitazama usoni. Wote waliopita baada yangu walifanya vivyo hivyo, mkono ndani, macho mbali, hata vijana wa Ngao waliokuwa wakizunguka hawakuwa na cha kuona ila shuka linatikisika.

Batulo akatoa hesabu: Job saba. Bedan thelathini na saba. Ngumi mbili.

Nilimwomba arudie. Saba, na walioimba walikuwa arobaini na kitu. Nikamvuta kando nikamuuliza Khalayi ametoa vingapi. Alikunja shuka lake.

"Mbuzi wakiuzwa hapa hujaniuliza hata siku moja aliyeshindwa alitaja ngapi," akasema. "Usiniulize leo."

Upande wa wanaume pia Bedan amepita mbali. Umoja utasema hivyo hadharani Jumatatu.

Jioni nimepita kwa Khalayi nikamnunulia sukari. Hakujua ni ya nini.

Jumanne, 25 Nov.

Sikulala vizuri. Ile mia sita ya Burale imenikaa kichwani. Asubuhi nikaanza kuuliza jambo ambalo kila mtu alidhani mwenzake ameshauliza: kadi yako ya kura ni ya wapi?

Kati yetu arobaini na sita, wenye kadi za hapa ni kumi na saba. Wengine waliandikishwa nyumbani: Bungoma, Kakamega, Nyeri, Siaya. Walitoka Nairobi mwezi wa Mei, wakalipa nauli, wakapanga foleni kwenye shule walizosomea, na wakarudi wamefurahi. Nilipomuuliza Khalayi kwa nini, alinishangaa. Alisema kura ni ya nyumbani, huku ni kazi tu. Yuko hapa mwaka wa kumi na moja. Watoto wake wote wamezaliwa Huruma. Moto wake unaota simenti na kura yake itaenda kumchagua diwani wa mahali ambapo hana hata kuku.

Wanaume ni balaa zaidi. Wengine wameandikishwa Isiolo, Moyale, Marsabit. Wengine hawana vitambulisho, maana wakienda kuomba wanaulizwa cheti cha babu. Na Mzee Burale mwenyewe, mwenyekiti wa kura mia sita, hana kura. Hajapata kitambulisho kipya tangu ukaguzi wa Wasomali wa mwaka wa themanini na tisa.

Jumla yetu wenye kadi za hapa, zizi na uwanja, ni themanini na nane.

Nilimpelekea hiyo nambari kabla ya chai. Niliisema polepole ili imwingie. Aliuliza kama Bedan ameisikia. Nikasema bado. Akasema basi isitoke hapa.

"Mia sita ilikuwa bei ya kufungulia," akasema. "Sasa tutafute mbuzi wenyewe."

Na mimi nikasema jingine, kwa sababu hakuna aliyelifikiria: kura ni tarehe ishirini na tisa Desemba. Hao themanini na nane wenyewe, nusu yao Krismasi watakuwa nyumbani.

Jumatano, 3 Desemba

Nimezunguka siku nne kwenye vibanda vya supu, gunia kichwani, mvua mgongoni. Nilianza na Mama Anyango wa Huruma, ambaye hunipokonya vichwa vikubwa kabla sijashusha mzigo. Nilimwuliza tu: tukihamishiwa Mowlem, supu yako utapika na nini? Akasimamisha mwiko.

Hiyo ndiyo hesabu ambayo Bedan hakuijua na Job ameisahau. Kila kibanda kina watu wanaokula hapo kila siku, vibarua wa viwandani, mafundi wa jua kali, wapagazi wa soko. Hao wana kadi za hapa, wengi wao, kwa sababu hawana nauli ya kwenda kujiandikisha nyumbani. Mama Anyango anawajua kwa majina na anajua nani anapenda ulimi. Kazi yangu ni kuwaomba wenye vibanda wasifunge wakati wa Krismasi, na wawakumbushe wateja wao kila bakuli.

Nimepata vibanda ishirini na sita.

Jumapili, 7 Des.

Mvua. Kanisani padri ameombea amani. Aliposema amani kila mtu aliangalia jirani yake.

Ijumaa, 12 Des.

Sikukuu ya Jamhuri. Vijana wa Ngao walikuja saa tatu wakiwa wamelewa. Walimwaga maji kwenye moto wangu na wa Waithera, wakasema wachawi wa Kibuyu tutaona. Mmoja alipiga teke karai langu. Nilishika chuma cha moto, na Mungu anajua ningefanya nini.

Khalayi akaingia katikati, na fulana yake ya Ngao. Hakupaza sauti. Aliongea nao Kibukusu, akawauliza mmojammoja mama yake ni nani na kama anajua mtoto wake yuko wapi asubuhi hii. Mmoja alimtaja mama yake kweli. Wakaondoka wakijifanya wana kazi kwingine.

Aliniwashia moto upya kwa makaa yake. Fulana hajaivua mpaka leo. Anasema ni kitambaa kizuri.

Alhamisi, 18 Des.

Simiyu amenunua tikiti nne za basi.

Nilijua siku hii itafika. Nikamwambia sisafiri, na nikamwomba na yeye abaki, kadi yake na yangu ni za Kariobangi. Hakupiga kelele, Simiyu si mtu wa kelele. Alikaa kitandani akivua buti za kiwandani. Akasema mama yake ametuma watu wawili kuuliza kama tutafika, ana miaka sabini na tano, na mtu hamwachi mama yake peke yake Krismasi kwa ajili ya vichwa vya mbuzi.

"Hivyo vichwa vimempeleka mwanetu Griffins sekondari," nikasema.

"Najua."

"Na mama yako amejengewa nyumba ya mabati na hivyohivyo."

"Hilo pia najua, Mama Griffins. Ndiyo maana nataka aone aliyeijenga."

Nikaendelea kukunja nguo za binti yetu Triza. Ningekuwa nimeolewa na mjinga jambo hili lingekuwa rahisi.

Jumanne, 23 Des.

Wameondoka, Simiyu, Griffins na Triza. Triza alilia. Tikiti yangu Simiyu amemuuzia mama mmoja wa Bungoma kwa bei ileile, hakuongeza hata shilingi. Basi liliondoka limechelewa, madaraja huko mbele ni mabovu.

Alhamisi, 25 Des.

Krismasi yangu ya kwanza Nairobi tangu nizaliwe.

Katika wale kumi na saba tumebaki kumi na watano. Tulipika pamoja uwanjani chini ya mabati ya Job, na mvua ikipiga juu yake. Waithera alikaanga chapati. Batulo alileta maziwa akakataa malipo. Burale akatutumia mbuzi mzima, kupitia broka wake, pamoja na salamu kwamba huyu si wa Umoja, ni wetu. Tulimla mzima, kasoro kichwa. Hakuna aliyetaka kuona kichwa leo.

Jumapili, 28 Des.

Vibanda ishirini na sita vyote viko wazi. Nimepita mwenyewe.

Jumatatu, 29 Des.

Kituo chetu ni shule ya msingi. Nilifika saa kumi na moja asubuhi nikakuta watu mia na kitu wameshapanga, magunia na karatasi za nailoni vichwani. Saa kumi na mbili mlango haukufunguliwa. Saa mbili, bado. Afisa mmoja akatoka akasema karatasi za madiwani hazijafika, gari limekwama.

Mvua haikututazama kwa huruma hata kidogo. Watu walianza kuondoka, hasa vibarua, maana mwajiri hajui habari za gari lililokwama. Nilimtuma Waithera kwa Mama Anyango. Baada ya nusu saa wakaja wenye vibanda watatu na sufuria za supu kwenye mkokoteni, wakapita kando ya foleni wakiuza kama siku ya kawaida, na vikombe vikarudi vikaoshwa kwa mvua. Wakala wa Ngao akalalamika kuwa tunahonga wapiga kura. Mama Anyango akamwambia achukue kikombe chake, lakini atalipa kama wengine. Alilipa. Alikuwa amelowa kama sisi.

Karatasi zilifika saa nane. Nilipiga kura yangu saa kumi na nusu. Ndani ya kile kijumba cha kadibodi, peke yangu na kalamu, nilifikiria shuka la Batulo.

Giza lilipoingia foleni ilikuwa bado ndefu. Wametangaza kesho tena.

Jumanne, 30 Des.

Niliamka kwa kugongewa mlango. Ni Simiyu, peke yake, suruali imejaa matope mpaka mapajani. Watoto amewaacha kwa mama yake. Amesafiri siku moja na nusu: basi lilikwama Nakuru, akapanda lori la kabichi. Alikunywa chai amesimama.

"Mama amesema nimeonekana vya kutosha," akasema. "Twende kabla hawajafunga."

Nilimsindikiza mpaka getini mwa shule. Alikaa ndani muda mrefu kuliko mtu anayejua anachotaka, au labda ni foleni. Alitoka akinionyesha kidole chenye wino. Sikumuuliza ameweka wapi. Batulo amenifundisha hilo.

Alhamisi, 1 Januari 1998

Nimekuwa wakala wa Bedan kwenye ukumbi wa kuhesabia tangu jana. Masanduku yanakuja mojamoja, yanamwagwa mezani, yanachambuliwa. Mfungo wa Ramadhani umeanza. Burale alikuwa nje ya uzio, hawezi kuingia maana hana kitambulisho, anasubiri habari bila hata tone la maji.

Sanduku la shule yetu lilifunguliwa alasiri. Bedan mia nne na kumi na mbili. Job mia moja thelathini na moja.

Nilisoma tena. Wakala wa Ngao naye akasoma tena. Kisha tukaangaliana, na nikaona anajiuliza hiyo Kiamaiko imetoka wapi.

Niliwahi kumpelekea Burale nambari mbaya. Leo nilimpelekea hii kwenye uzio. Aliisikiliza, akafunga macho kidogo. Akasema: mia sita ilikuwa karibu.

Jumamosi, 3 Jan.

Job ameshinda.

Masanduku ya upande wa pili wa wadi yamemwokoa. Tofauti ni kura mia moja tisini na nne. Nilirudi nyumbani nikalala na viatu. Simiyu alinivua.

Jumatatu, 5 Jan.

Nimewasha moto kama kawaida, kando ya bikoni. Waithera aliniuliza kama tuanze kutafuta mahali. Nikamwambia tungoje wiki. Sikujua ninangoja nini.

Alhamisi, 8 Jan.

Diwani mteule amekuja Kiamaiko.

Hakuja na pikapu wala fulana. Alikuja na mtu mmoja, akaenda moja kwa moja zizini kwa Mzee Burale, mimi nikiwa hatua chache nimebeba miguu ya mbuzi. Alimpongeza kwa mfungo. Kisha akasema anataka waongee kama wanaume kuhusu lile sanduku la shule. Kwamba miaka mitano si mingi, anataka kujua Umoja unahitaji nini, zizi litabaki, hilo aliondoe moyoni.

Nilisimama pale na ile miguu begani. Niliwaza, haya sasa, mzee amepata zizi lake. Angekubali pale pale, na nisingeweza kumlaumu sana. Angekuwa ametoka salama.

Burale hakusimama. Alielekeza fimbo kwangu.

"Lile sanduku si langu," akasema. "Mimi sina hata kura. Ongea na yule mama. Akisema ndiyo, zizi linasema ndiyo."

Job akageuka. Alinitazama kwa muda, matope, damu, kilemba changu cha kuzuia moshi. Akaanza taratibu, kwa sauti ya nyumbani.

"Mayi, wewe si wa kwetu?"

"Ni wa kwenu, mheshimiwa," nikamwambia. "Lakini moto wangu uko hapa."

Akaniuliza, kama wote wanavyouliza, tuko wangapi. Nikamwambia ameshaona mezani, na kwamba safari hii wanawake ishirini na tisa walikuwa na kadi za nyumbani. Wakiandikishwa tena watajua pa kwenda. Sikupandisha sauti. Nilikuwa namwambia tu hesabu ilivyo, na alijua kuwa ni ya kweli kuliko ile ya mia sita.

Akasema fleti zinaweza kusogea upande wa barabara. Nikamuuliza lini. Akasema mvua ikiisha. Nikamwambia mvua hii haina adabu, aseme tarehe. Akasema Ijumaa ya wiki ijayo.

Baada ya gari lake kuondoka nilimletea Burale kigoda. Nilitaka kumshukuru, nikamuuliza atafuturu na nini. Akasema na supu, kama ipo.

Ijumaa, 16 Jan.

Jua. Mpima ardhi amekuja saa nne na vibarua wawili na nyundo. Wamevunja bikoni iliyokuwa kwenye moto wangu na nyingine mbili. Ya nne wameihamishia ukingo wa barabara; tumepoteza hatua kama sita hivi upande huo, na Waithera analalamika, ana haki. Hatukupata yote. Khalayi ameuliza, bila mtu kumwuliza, kuandikisha kura kutaanza lini tena. Nimemwambia nitamwambia.

Jioni Simiyu alikuwa anapanga safari ya kuwachukua watoto. Akasema mama yake anauliza kama Desemba ijayo nitakuja, safari hii alinichinjia kuku wakamla bila mimi.

Nimemwambia nitakuja. Krismasi ya mwaka huu tutakula nyumbani, na ya mwaka ujao, na ya mwaka elfu mbili, na ya elfu mbili na moja. Ya mwaka unaofuata, mwaka wa kura tena, mama ndiye atakayekuja huku.